Herufi Iliyodondoka Njiani Kwenda Sikri

Keki mliyonikatia siku ya kuniaga ilikuwa na picha ya ndege isiyo na mlango. Niliiangalia sana kabla ya kuila, maana miaka thelathini na kitu nimepandisha watu ndege na sijapata kuona inayopandwa dirishani. Halafu mkaniomba niandike mambo ya kazi, ili wanaokuja wasome. Basi nimekaa hapa kwangu Al Amerat, miguu juu ya kiti, naandika. Vyeo sitavitaja: vilikuwa viwili, na cha pili kilikuja na meza ileile. Nitaandika yaliyonitoa jasho, na zaidi ile safari moja ambayo najua mlikuwa mnaicheka kila nikitoka chumbani. Mnaicheka sawa, lakini mnaisimulia vibaya.

Nilianza Ruwi, hapahapa Maskati, katika ofisi ya safari yenye madirisha mawili, moja likitazama msikiti na jengine likitazama ukuta. Aliyenifundisha kazi ni Ami Khalfan, mzee wa Kiunguja kama sisi, kanzu yake imenyooka hata mwezi wa saba wakati watu wengine wanayeyuka. Siku ya kwanza hakunipa kiti. Alinipa kitabu cha tiketi, zile za zamani zenye kaboni nyekundu nyuma, akaniambia niandike jina la msafiri mmoja wa kubuni mara hamsini. Kwenye ya arubaini nikabadilisha herufi moja ya jina bila ya kujua. Akaichana tiketi mbele yangu.

"Huyu leo kalala uwanja wa ndege," akasema. "Mkewe analia. Na aliyemlaza ni wewe."

Nilikwenda nyumbani nikiwa namchukia, na kesho yake nilirudi mapema. Alikuwa na maneno mengine pia, na hili ndilo nililolidharau: "Rahma, msafiri hasomi. Msafiri husikia. Ukimpa karatasi atakuuliza wewe kilichoandikwa. Usipokuwepo atamuuliza jirani, na jirani naye hakusoma." Mimi nilikuwa nimesoma, naandika Kiarabu kizuri, nikaona mzee anazungumza habari za watu wa zamani.

Nilipoanza kuongoza makundi kwenda India, Delhi na Agra na kurudi, wateja wetu wengi walikuwa watu wetu wenyewe: wazee waliorudi kutoka Unguja, na wengine wa bara, Tabora na Mwanza, ambao watoto wao walikuwa wameshapata kazi serikalini na wanataka kuwatembeza. Safari ya kwanza nilishika bendera ya manjano kama nilivyoona wenzetu wanafanya. Pale Agra wazee wanne waliifuata bendera nyengine ya manjano, ya Wajapani, wakapanda basi lao, wakapewa chakula cha mchana, na nilipowapata walikuwa hawataki kurudi kwa sababu chakula kilikuwa kizuri. Nilimhadithia Ami Khalfan nikidhani atacheka. Hakucheka. Alikwenda nyumbani kwake akarudi na mwiko wa pilau, mrefu kama mkono wangu.

"Bendera hawaijui," akasema. "Huu wanaujua. Wamepigwa nao."

Tokea siku hiyo mpaka nastaafu sikupoteza mzee hata mmoja. Askari wa uwanja wa ndege wa Delhi waliupitisha mwiko kwenye mashine, wakaunusa, wakaitana, mwisho wakanizoea. Sasa upo katika kabati la ofisi nyuma ya karatasi za printa. Ukisafiri na wazee, uchukue.

Yapo na mengine madogo ya kazi ambayo hamtayasoma popote. Taj Mahal hufungwa Ijumaa kwa watalii, na kila kundi lina mtu mmoja atakayesema hiyo si kweli. Uwapeleke alfajiri, kabla marumaru haijaanza kurudisha joto usoni. Chooni kwanza, foleni baadaye. Na mjiandae na jina la yule malkia aliyezikwa pale, Mumtaz, kwa sababu watu wetu wote wamesoma skuli za Kiarabu au watoto wao wamesoma, na mumtaz ni alama ya juu kwenye cheti. Kila kundi, mwongozaji akisema alifariki akizaa mtoto wa kumi na nne, lazima bibi mmoja ajibu, "Basi hiyo alama kaistahiki."

Sasa hiyo safari yenyewe.

Ilikuwa msimu umelala, watu wanakwenda Uturuki, India hawaitaki. Nikapata wazo la kuongeza mji wa Fatehpur Sikri, mwendo wa saa moja hivi kutoka Agra, mji mzima wa mawe mekundu uliojengwa na mfalme mmoja wa Kimughal kisha akauhama, ukabaki mtupu na majumba yake. Nikaandika tangazo mwenyewe kwa Kiarabu. Nikaandika na hadithi yake: kwamba mfalme alikuwa hapati mtoto wa kumrithi, akaenda kwa mja mwema aliyekaa pale, akaombewa, akapata, kwa furaha akajenga mji. Ila niliona "hapati mtoto" si maneno ya kuweka kwenye tangazo, nikayapamba: "Hapa mfalme alifika na shida iliyowashinda wote, akaondoka imekwisha." Nilikuwa najaribu kuandika vizuri. Msijaribu.

Jina la mji huo kwa Kiarabu lina herufi ya yaa baada ya sini, ndipo lisomeke Sikri. Mimi ile yaa niliidondosha. Bila ya yaa hiyo hakuna mtu Maskati nzima atakayesoma Sikri. Atasoma sukkari, ugonjwa wa sukari. Na mbele yake kuna neno fat-h, ambalo ni ushindi. Kwa hivyo tangazo langu, kwa herufi kubwa za dhahabu, liliwaalika watu kwenye mji wa Ushindi wa Sukari, mahali ambapo mfalme alifika na shida iliyowashinda wote akaondoka imekwisha, safari ya starehe, inafaa kwa wazee.

Nililisoma mara tatu kabla ya kulitoa. Nilisoma nilichokusudia kuandika.

Mwanamke mmoja wa Mabela, simjui mpaka leo, aliliweka kwenye wasapu ya ukoo wao pamoja na sauti yake. Baadaye niliisikia: "Jamani, kuna safari ya India ya kutibiwa sukari, huko wafalme wakitibiwa, na anayewapeleka ni mtu wetu, Kiswahili mwanzo mwisho." Katika wiki moja nikapata majina ishirini na mbili. Nilidhani ni uzuri wa maandishi yangu. Nilimwambia Ami Khalfan, ambaye alikuwa ameshastaafu, kwamba zama zake zimepita na siku hizi watu wanasoma. Mtu mmoja alinipigia kuuliza, "Mafaili tuje nayo, Khala Rahma?" Nikamjibu kwa madaha, "Karatasi zote mje nazo."

Uwanja wa ndege walikuja kila mmoja na bahasha ya kaki kifuani. Mbele yao alikuwa Mzee Hilali, karani wa zamani wa serikali, bahasha yake imepangwa kwa mwaka. Na alikuwepo Bi Zuwena, mama mwembamba wa Mabela mwenye ulimi mkali, mguu mmoja kavaa kiatu na mwengine soksi nene na ndara ya kiume. Mwanawe, Said, alimleta kwa kiti cha magurudumu, akanivuta pembeni.

"Khala, mwangalie mama yangu. Hii ndiyo nafasi yetu ya mwisho."

Nikadhani anazungumzia likizo yake. Nikamwambia, "Atafurahi, mwanangu, asiwe na wasiwasi." Alinitazama vile mtu anavyomtazama aliyemuokoa, na mimi nikapokea.

Delhi ilikwenda vizuri. Taj Mahal ilikwenda vizuri kwa ujumla. Mwongozaji wetu wa kule alikuwa Ramesh, kijana mpole anayependa tarehe, na alipomaliza habari za malkia, Mzee Hilali akamuuliza kwa Kiingereza cha ofisi miguu ya marehemu ilikuwaje. Ramesh akasema historia haikutaja. Mzee Hilali akatikisa kichwa. "Hawakuweka faili," akatuambia kwa Kiswahili. Nikalicheka hilo nikidhani ni utani.

Asubuhi ya Sikri nilishuka ukumbi wa chakula hotelini nikakuta meza zimejaa, mikate, mayai, maembe, na watu wangu ishirini na mbili wamekaa mikono mapajani, hakuna anayegusa. Ilikuwa Jumatatu. Nikasema moyoni, mashallah, wote wamefunga sunna. Nikamuomba Mzee Hilali msamaha kwa kumkalia mbele na kikombe cha chai.

"Hatukufunga," akasema. "Tumbo tupu tu. Damu wanachukua saa ngapi?"

"Damu gani?"

"Ya sukari." Akafungua bahasha, akatoa tangazo langu lililokunjwa mara nne, akaweka kidole juu ya herufi za dhahabu, akanisomea kwa sauti.

Hapo ndipo nilipoisikia.

Nilitoka nikasimama nyuma ya mlango wa jikoni nikampigia Ami Khalfan. Nilimweleza yote. Nikasikia anacheka, akacheka mpaka akakohoa, na alipomaliza sauti ilikuwa nyengine kabisa.

"Wameshakula?"

"Bado. Na wengine wameshachoma sindano zao."

"Walishe sasa hivi. Mwenye sukari na tumbo tupu hapewi habari."

Nikarudi ndani. Nikawaambia spitali imebadilisha utaratibu, siku hizi damu inachukuliwa baada ya kula. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa makusudi katika kazi hii na ulinitoka kwa ulaini mpaka nikashtuka. Walikula kama watu waliosamehewa. Nikasema nitawaambia kwenye basi. Kwenye basi nikasema tukifika. Dereva wetu, Iqbal, alikuwa akiniangalia kwenye kioo, maana nilikuwa nimeukumbatia mwiko kama mtoto mchanga.

Sikri ina lango ambalo hata mfalme mwenyewe nadhani liliishinda shingo yake. Ngazi juu ya ngazi, kisha lango, refu kuliko minara ya mtaani kwetu. Watu wangu walisimama chini wakaliangalia.

"Wahindi, bwana we!" akasema Mzee Hilali. "Spitali hiyo! Hilo geti tu."

Bi Zuwena alipandishwa kwa mikono ya watu wawili, ngazi moja, pumziko, ngazi moja, pumziko, na hakulalamika, yeye ambaye Delhi alilalamikia hata njiwa. Ndani, kwenye uwanja wa msikiti, lipo kaburi la yule mja mwema, jeupe, na kwenye vipande vya marumaru vilivyotobolewa watu wanafunga nyuzi nyekundu za haja zao. Mzee Hilali akaziangalia nyuzi akaelewa papo hapo.

"Foleni," akawaambia wenzake. "Namba zinatolewa pale."

Watu wasitake nyuzi? Walitaka. Ilibidi Ramesh awazuie kwa adabu wasizifungue, na wao wakamwona mkali wa mapokezi. Tukaingia upande wa majumba. Kwenye ua kuna mchoro wa dama kubwa chini kwenye mawe, ambapo mfalme, wanasema, alicheza kwa kutumia watu wazima kama kete. Wawili wakaanza kutembea mraba hadi mraba, polepole, wakihesabu, kwa kuwa daktari wao wa Maskati aliwaambia mazoezi ni nusu ya dawa. Mimi bado sijasema kitu. Nilikuwa na maneno mdomoni na kila nikiufungua mdomo anapita mtu anayetabasamu.

Halafu Ramesh, kwa wema wake wote, akanyoosha mkono kwenye vyumba vya chini akasema kwa sauti ya juu kwamba pale ndipo palipokuwa pa hakim.

Kwa Kiswahili hakimu ni mtu wa mahakamani. Lakini kwa Kiarabu cha Oman, na kwa Kihindi, hakim ni daktari. Kundi zima likageuka kwa pamoja. Sijapata kuona wazee wenye magoti yale wakishuka mteremko kwa kasi ile. Mwiko nilikuwa nao juu na hakuna aliyeutazama.

Nilipowafikia walikuwa wameshajipanga ndani ya hamamu ya kale, bafu la wafalme, kwenye ukingo wa jiwe unaozunguka ukuta, bahasha mapajani, wamepishana nafasi kwa umri. Bi Zuwena alikuwa wa kwanza karibu na mlango wa ndani. Alikuwa ameshavua soksi na kufungua kitambaa, mguu kaunyoosha mbele yake, tayari kwa kuonwa. Kidole gumba kilikuwa cheusi. Si cheusi cha kujigonga. Nilipoinama nikasikia harufu yake.

Nikasimama katikati nikasema. Nilisema kwamba hapa si spitali na haijapata kuwa. Nilisema ni mji wa mfalme, wa kutazama tu, na kwamba mimi nimeacha herufi moja, yaa, na kosa si la yeyote isipokuwa langu. Sauti ilirudi kutoka kwenye kuba kana kwamba kuna mtu mwengine anakiri vilevile.

Mzee Hilali alinyanyua mkono.

"Kwa hivyo hakim hayupo."

"Hayupo, Mzee Hilali."

"Yuko likizo?"

"Amekufa. Zamani za wafalme."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," wakasema wote, na bibi mmoja karibu yangu akanishika mkono akanipa pole.

Nilitegemea ghadhabu, na kwa wengi haikuja. Walishauriana kidogo. Kisha Mzee Hilali akatoa kipimo chake cha sukari kutoka mfukoni, kile kidogo cha kutoboa kidole, akasema madhali tumefika na tumejipanga, ni aibu kuondoka bila ya kupima. Akaanza kwa umri. Akaandika kwenye tangazo langu, upande wa nyuma. Baada ya muda mlangoni wakatokea Wafaransa watano, wakamuuliza Ramesh kitu, wakajiunga na foleni. Ramesh hakuwa na nguvu tena ya kueleza. Mzee Hilali aliwatoboa wote watano kwa heshima. Mimi pia alinitoboa, na yangu ndiyo iliyokuwa juu kuliko ya kila mtu mle ndani, Wafaransa pamoja.

Bi Zuwena hakupima. Alikuwa bado ameunyoosha mguu. Nikapiga magoti mbele yake.

"Daktari wa Maskati alikwambia nini?"

"Kikatwe. Tarehe alinipa. Nikamwambia nna safari."

"Tarehe gani?"

"Imeshapita. Wiki mbili." Akanitazama. "Unajua kwa nini sikutaka? Marehemu mume wangu walianza na kidole. Tukakizika. Baada ya miezi wakaukata mguu chini ya goti, tukauzika. Halafu tukamzika mwenyewe. Mume mmoja nimemzika mara tatu, Rahma. Nimemzika kwa rejareja. Nikasema mimi, hapana. Kukatwa ndiko kunakofungua mlango. Said akalia, akaniapisha, tukakubaliana: nakwenda India kwenye huo mji wako. India wakisema dawa ipo, nitakunywa. India wakisema kata, na wakate. Nimempa ahadi mwanangu."

Nilimwambia naomba radhi. Nilisema mara nyingi, na nilikuwa nalia.

"Radhi utaomba baadaye," akasema. "Nchi yote hii, Rahma, hakim wao alikuwa huyo mmoja tu? Hakuna aliye hai?"

"Wapo. Agra wapo."

"Nipeleke. Na usiniongopee tena hata kwa chai."

Iqbal alituendesha sisi wawili, wengine wakabaki na Ramesh na foleni yao. Spitali aliyotupeleka ilikuwa ndogo, safi, na daktari wa upasuaji alikuwa mama wa makamo asiyependa maneno. Aliutazama mguu, akaugusa mpaka juu ya kifundo, akasema kidole kiende leo. Akasema pia, na hakuna aliyemuuliza, kwamba wiki mbili kabla ingetosha kukata nusu yake. Hayo nimeyaandika hapa kwa sababu kila mkisimulia hadithi hii mnaishia kwenye Wafaransa. Wiki mbili zile alikuwa akiisubiri tarehe ya safari yangu.

"Na mguu?" nikauliza.

Daktari akasema mguu utajijibu wenyewe. Damu ikishuka vizuri kwenye jeraha siku mbili hizi, umebaki. Isiposhuka, watapanda juu.

Nilimpigia Said. Alinisikiliza bila ya kunikatiza, na nilijiandaa kwa lolote atakalosema, maana lolote lilikuwa haki yake.

"Amekubali?" akauliza.

"Amekubali."

"Miezi mitatu tunamuomba, Khala. Sisi wote, mpaka imamu tumemleta. Amekubali?" Kisha nikamsikia analia, na akasema anatafuta ndege ya usiku.

Karatasi ya ridhaa ilitaka shahidi. Bi Zuwena alitia saini yake kwa Kiarabu, herufi moja moja, kisha akanisogezea kalamu.

"Jina lako lote. Na la baba yako, na la babu. Nikifa wanangu wajue pa kuanzia."

Nikaandika mpaka la babu wa babu.

Alipotoka chumba cha upasuaji alikuwa mzima, kachoka, na muuguzi akaja kwangu na kikopo kidogo kimefungwa bandeji, akauliza akitupe wapi. Nikakishika kwa mikono miwili. Kiungo cha Muislamu hakitupwi, huzikwa. Nilikaa nacho kwenye benchi mpaka Iqbal akaja, na nilikihofia kuliko nilivyopata kuhofia mzigo wowote wa msafiri.

Hotelini nilifikiri mimi na Iqbal tutakwenda kimya kimya kwenye makaburi ya Waislamu mtaani kwake. Lakini Mzee Hilali alikwisha kuwakusanya watu. Hawawezi, akasema, kukiachia kidole cha mwenzao kiende peke yake nchi ya watu. Kwa hivyo asubuhi ya pili tulikwenda wote, basi zima, na njia nzima kulikuwa na mzozo kama kidole kinasaliwa. Mzee Hilali alisema hakisaliwi, mwenyewe yuko hai, utamwombea rehema vipi mtu anayekunywa uji? Mwengine akasema angalau kisomwe. Bibi mmoja alitoa leso yake nyeupe, mpya, kikafungwa ndani yake, na juu ya leso hakuna aliyebishana. Tulipofika, sisi wanawake tulibaki getini kama desturi, ingawa hakuna aliyekuwa na hakika desturi inasemaje kuhusu kidole.

Mchimbaji alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe. Alipoonyeshwa kilicholetwa hakucheka. Alichimba shimo dogo, safi, akaelekeza kibla. Wakakiweka. Wanaume wakatupa udongo kwa viganja, na lile shimo lilikuwa dogo hata wa mwisho hawakupata nafasi ya kutupa. Kisha mchimbaji akamuuliza Iqbal kitu, na Iqbal akaja mpaka getini kwangu, macho chini.

"Anauliza aache nafasi pembeni? Anasema wenye sukari wengi hurudi."

Hapo hapo simu ikalia, na ilikuwa Bi Zuwena, kutoka kitandani, kwa simu ya muuguzi.

"Mmeshanizika?"

"Tumekuzika, Bi Zuwena. Mzee anauliza..." Nikasita, kisha nikakumbuka nimekatazwa kuongopa. "Anauliza aache nafasi pembeni."

Nikasikia magurudumu ya kitanda cha mtu mwengine yakipita karibu naye.

"Mwambie afukie pote," akasema. "Ashindilie."

Nikapiga kelele kutoka getini, mimi mwanamke mtu mzima, kwenye makaburi ya watu, afukie pote ashindilie. Wazee wote wakageuka kunitazama. Mchimbaji akageuza koleo akapiga udongo kwa mgongo wake, mara tatu, mpaka pakawa tambarare.

Damu ilishuka. Said alifika, akakaa na mama yake, akamrudisha Mabela, na Bi Zuwena akatembea kwa fimbo, kisha bila ya fimbo, akilalamika njia nzima. Mimi niliomba nitolewe kwenye mambo ya kuandika, na kwa muda mrefu kila tangazo nilisomewa na mtu mwengine kwa sauti, tena asiyejua tunakwenda wapi. Fanyeni hivyo nyinyi pia.

Mwaka jana Said alinipigia asubuhi. Mama yake alikuwa amelala baada ya alfajiri na hakuamka, uzee tu, si kitu chengine. Nilikwenda Mabela, nikakaa na wanawake ndani, wanaume wakaenda kuzika. Waliporudi, Said alikuja mpaka mlangoni kwetu, kanzu ina vumbi la makaburini, akanitafuta kwa macho katikati ya watu mpaka akaniona.

"Tumemzika, Khala," akasema. "Miguu yote miwili."